Sahihi ya Mpekuzi

Hospitalini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari, wauguzi, wafagizi, hata yule mlinzi wa getini anayelala macho wazi, wote walimwita Mpekuzi, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilianza kama utani wa mwenzake wa masjala, bwana mmoja mrefu waliyemwita Ngazi kwa kuwa rafu ya juu kabisa aliifikia bila kupanda kitu. Siku hiyo mama huyu alikuwa amefukua faili la mgonjwa kutoka chini ya mguu wa meza, ambako mtu mmoja mvivu, Mungu amsamehe, alikuwa amelichomeka ili meza isitikisike. Ngazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe ni kuku kabisa! Unapekua mpaka mchanga unaomba msamaha." Basi, likamganda.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia ndani ya chumba kimoja kirefu nyuma ya maabara. Hakikuwa na madirisha, vitundu vya hewa tu juu karibu na dari. Rafu za chuma safu kumi na mbili, mafaili yamesimama bega kwa bega, na harufu ya karatasi kuukuu iliyochanganyika na dawa ya mende. Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa hospitali hiyohiyo. Namba za mafaili alizijua kwa kuzipangusa vumbi, na siku karani mmoja alipohangaika nusu saa akitafuta faili, mfagizi ndiye aliyelinyooshea ufagio: "Si hilo hapo?" Wakubwa hawakuwa wajinga. Wakampokonya ufagio, wakampa kiti.

Nyumbani nako hakuna kilichopotea kikabaki kimepotea. Soksi za wajukuu, miwani ya jirani, hata zile sigara ambazo mumewe alidai ameziacha. Mzee huyo, dereva wa lori aliyestaafu, aliwaambia vijana wa mtaani kila alipopata nafasi, "Ukioa mpekuzi, siri zako ukazike mbali." Halafu anageuka kuangalia kama mkewe amesikia. Amesikia.

Sasa, kulikuwa na fomu moja pale masjala ambayo ndiyo chanzo cha haya yote. Faili lisipoonekana, karani anajaza fomu, anaandika saa aliyopokea ombi na saa aliyomaliza, anatia sahihi, kisha mgonjwa anafunguliwa faili jipya na mambo yanaendelea. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya karatasi zisizopenda kuulizwa maswali. Inasema faili halikupatikana baada ya "diligent search". Mwaka wake wa kwanza alikuwa anasaini tu. Mwaka wa pili roho ikamsuta, akaibeba fomu moja mpaka kwa shemeji yake, mwalimu wa sekondari, mwenye kamusi nene kama tofali.

"Shemeji," mwalimu alimwambia baada ya kufunuafunua, "neno hili halisemi umetafuta. Kutafuta hata mtoto anatafuta. Linasema umetafuta kwa moyo, kwa subira, hukuruka mahali, mpaka umebaki huna tena pa kutafuta. Na angalia linavyotumika: wanaliweka kwenye karatasi za mahakama na za ofisi, kwa sababu ukishalisaini, anayekuja nyuma yako hatafuti tena. Anakuamini. Umemfungia mlango."

"Kwa hiyo ni kiapo."

"Ni kiapo chenye mhuri."

Alirudi nalo kazini kama mtu aliyepewa dini mpya. Akajitungia sheria, na kila karani mgeni aliisikia mpaka akaichoka: kutafuta ni kazi ya macho, kusaka ni kazi ya miguu, kupekua ni kazi ya kucha, usisaini kabla hujafika kwenye kucha. Akatamba nayo, tena sana. Kwenye chai, kwenye vikao, mbele ya wakaguzi: "Mimi katika chumba hiki sijawahi kusaini uongo." Ngazi alikuwa akimjibu, "Sawa, malaika, nipitishie sukari."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Sista wa chumba cha upasuaji aliingia bila hodi, kofia ya kijani kichwani, ndara za plastiki miguuni, na wale watu huwa hawatoki na ndara zile ila pana moto.

"Mpekuzi, niokoe."

"Sema."

"Tuna mama mmoja, miaka thelathini na miwili. Utumbo umejisokota. Daktari anasema ikipita saa tano utumbo unaanza kuoza. Lakini mumewe ametuambia miaka sita iliyopita mkewe alijifungulia hapahapa kwa kupasuliwa, akapewa dawa ya usingizi, nusura imuue. Wakaambiwa kuna dawa asipewe tena maishani. Ipi? Hajui. Waliandikiwa kikaratasi, kikapotea walipohama nyumba."

"Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

"Anasema na watu ambao sisi hatuwaoni. Homa imempanda kichwani." Sista akatazama saa ya ukutani. "Daktari wa usingizi anasema ana njia tatu za kumlaza. Moja kati ya hizo itamuua, na hajui ni ipi. Jina la dawa limo kwenye faili lake la zamani. Namba ni hii."

Akampa kipande cha karatasi: 31-46-82.

Pale kwao namba husomwa kutoka nyuma. Rafu ya themanini na mbili kwanza, halafu fungu la arobaini na sita, halafu faili la thelathini na moja. Mpekuzi hakuaga. Alikwenda moja kwa moja, Ngazi nyuma yake, vidole vikipita juu ya migongo ya mafaili: ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mbili.

Hakuna thelathini na moja.

Faili likitoka, lazima kadi nyekundu isimame mahali pake, imeandikwa nani kalichukua na lini. Hapakuwa na kadi. "Limemezwa," Ngazi akasema. Ndivyo wanavyoliita faili jembamba linapoingia ndani ya faili nene la jirani. Wakavuta kumi upande huu na kumi upande ule, wakayafungua yote sakafuni, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kitu. Wakaenda rafu ya thelathini na moja, maana makarani wa muda wanaotoka ofisi nyingine huwa wanasoma namba kutoka mbele, wakaharibu kazi za watu. Hakuna. Wakajaribu namba ikiwa imepinduliwa: kumi na tatu, sitini na nne, ishirini na nane. Wapi!

Simu ikalia. Ngazi akapokea, akasikiliza, akairudisha taratibu. "Saa nne na nusu," alisema. "Wanauliza."

"Waambie natafuta."

"Nimewaambia."

Jasho lilimtiririka mgongoni. Si kwamba alikuwa hajawahi kusumbuliwa na faili, lakini mafaili mengine yalikuwa ya bima, ya barua za kazi, ya watu wanaosubiri wamekaa kwenye benchi wakipiga miayo. Huyu alikuwa amelazwa kitandani hatua mia mbili kutoka hapo, na saa ya ukutani ilikuwa inatembea juu ya mwili wake. Mpekuzi aliogopa. 

Hapo ndipo mkuu wa masjala alipoingia. Kijana mdogo kwake, umri wa mwanawe wa pili, mwenye heshima na tai iliyokaa sawa. Mkononi alishika faili jipya la mgonjwa, lile alilofunguliwa miaka minne nyuma.

"Mama, hebu simama kwanza."

"Mkuu, sina muda wa kusimama."

"Simama, mama, ninakuomba. Faili hili la zamani lilishatafutwa. Angalia." Akafungua ukurasa wa kwanza. "Walikuja miaka minne iliyopita, wakaliomba. Likatafutwa, halikupatikana. Fomu hii hapa, imekamilika. Sasa kila dakika unayoishika unamnyang'anya mgonjwa. Saini fomu nyingine ya leo, nimpelekee daktari ajue moja, aamue mwenyewe."

"Aliyetafuta hakutafuta vizuri."

Mkuu akamtazama kwa huruma kidogo, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mama, aliyetafuta ni wewe. Ndiyo maana nakwambia tuache. Katika hospitali hii, wewe ukisema halipo, halipo. Nani atabisha?"

Akaichukua karatasi. Ilikuwa sahihi yake kweli, ule mkia wake mrefu unaopinda chini kama ndoana. Ombi limepokelewa saa sita na dakika ishirini na tano. Limefungwa saa sita na dakika arobaini. Dakika kumi na tano.

Alijaribu kuikumbuka siku ile. Labda aliugua. Labda mtoto alipiga simu. Labda kulikuwa na msiba, mvua, njaa, kitu chochote kile ambacho mtu anaweza kukishika akajitetea nacho. Hakukumbuka chochote. Ilikuwa siku kama siku nyingine, karibu na saa ya chakula, mtu kaja na karatasi, yeye kaangalia rafu, hajaona, kasaini. Hakukumbuka hata sura ya mtu. Jamani, mtu unaweza kuishi na dhambi unayoikumbuka, unaiombea msamaha yakaisha. Sasa ile usiyoikumbuka unaianzia wapi?

"Huu ni uongo," alisema.

"Uongo wa nani?"

"Wangu."

Ngazi akakohoa, akaangalia dari. Mkuu akashusha sauti. "Mama, fikiri unachosema. Hii ni karatasi rasmi. Mambo yakienda kombo leo, karatasi hii ndiyo itakayotulinda."

"Itatulinda sisi. Yule kitandani atalindwa na nani?" Sauti yake ilipanda mpaka makarani wa dirishani wakageuka. "Dakika kumi na tano, mkuu! Rafu moja tu hapa haiishi kwa dakika kumi na tano! Mimi nimemfungia mlango yule mama, mimi mwenyewe, na nyie mnaniamini. Acheni kuniamini!"

 Mkuu akatazama saa yake, akatazama mlango, akamtazama tena yule mama aliyemkuta pale siku ya kwanza ya kazi na ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma namba kutoka nyuma. "Mpaka saa tano kasoro tano," akasema. "Haitazidi hapo. Nampigia daktari."

Mpekuzi akarudi rafu ya themanini na mbili, lakini safari hii hakugusa kitu. Alisimama tu, akaangalia. Thelathini na thelathini na mbili zilikuwa zimekumbatiana, hazina hata nafasi ya kupitisha kucha, na vumbi la juu yake limelala moja kwa moja, halijakatika. Faili likikaa mahali halafu likaondoka, huacha pengo, hata likizibwa baadaye utaona majirani wameegemea. Pale hapakuwa na pengo la zamani wala jipya.

"Ngazi," akasema polepole, "hili halikupotea rafuni. Halijawahi kufika rafuni."

"Lilifunguliwa wapi?"

"Wodi ya wazazi. Likabaki hukohuko." Akaanza kutembea, halafu akaanza kukimbia. "Ngoja. Ngoja nimwulize yule mume."

Alimkuta kwenye korido ya upasuaji, fundi cherehani mwenye futi ya kitambaa bado shingoni, maana alikuwa kwenye mashine mkewe alipoanguka, akambeba hivyohivyo. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama uso ukutani, paji la uso limegusa rangi.

"Mwanangu," Mpekuzi alisema, akihema. "Mimi ni wa masjala. Nina swali moja, halafu nakuacha. Mkeo alipojifungua hapa, mtoto..."

Akaishia hapo, kwa sababu yule mwanamume alikuwa amegeuka, na usoni mwake jibu lilikuwa limeshafika.

Wodi ya wazazi walikuwa na utaratibu wao. Mtoto akizaliwa anafunguliwa faili lake mwenyewe, jembamba, na kwa kuwa bado hana jina, juu yake huandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama. Mama na mtoto wakiruhusiwa pamoja, mafaili mawili hufungwa kwa uzi mweupe na kuteremshwa masjala pamoja. Lakini mtoto akiugua peke yake akapelekwa chumba cha joto, daktari wa watoto huliomba la mama alisome, na hapo wauguzi hulitia ndani ya la mtoto ili lisipotee. Ili lisipotee! Na mtoto akifa, faili lake haliendi rafuni. Linakwenda chumba cha nyuma, ambacho makarani wote hukiita kwa marehemu. Huko hakuna anayekwenda kumtafuta mtu aliye hai.

"Aliishi siku mbili," fundi alisema.

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akamshika mkono, ukiwa baridi kabisa. "Nisamehe kwa hili. Wale waliotangulia hatuwapangi kwa namba, tunawapanga kwa siku. Nahitaji tarehe aliyofariki."

Hakufikiri hata kidogo. "Mwezi wa tatu, tarehe tisa. Jumamosi. Saa kumi na moja alfajiri."

Akakimbia. Magoti yalimlilia, akayaambia yanyamaze. Ngazi naye, aliposikia wodi ya wazazi na mume, alikuwa ameelewa, akamwita mkuu. Mkuu alikuwa ameshafungua chumba cha nyuma, funguo zinacheza mlangoni, na Ngazi alikuwa ndani tayari akitikisa balbu ili iwake vizuri. Mafaili huko yalifungwa mafungu kwa kamba, kila fungu na tarehe yake kwenye kadibodi. Mwaka. Mwezi wa tatu. Saba, nane, tisa. Ngazi akalishusha fungu la tisa kutoka juu, wakakata kamba, wakayasambaza chini wote watatu, mkuu amepiga magoti na tai yake inafagia vumbi.

Wazee. Mtu wa ajali. Mama mmoja wa kisukari. Hakuna mtoto.

"Saa tano kasoro kumi," mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa na yeye alikuwa anataka.

"Rudia tena," Ngazi akasema. "Labda limemezwa."

Wakarudia. Mpekuzi akaliweka chini faili aliloshika. Akajiuliza: nani aliyelileta hapa? Mtu kama mimi. Angefanyaje mtu kama mimi? Akajijibu kwa sauti, neno kwa neno. "Amefariki Jumamosi. Alfajiri. Sisi Jumamosi tumefunga. Jumapili tumefunga. Faili linalala kwenye sanduku la wodi." Akainua kichwa. "Jumatatu asubuhi karani anakuja na usingizi wake, analikuta sandukuni, analiandika tarehe ya leo yake. Ngazi! Kumi na moja! Shusha la kumi na moja!"

Fungu la kumi na moja lilikuwa nene. Hawakukata kamba, waliinyofoa. La sita kutoka juu lilikuwa jembamba, limevimba katikati, na juu yake maandishi ya kalamu ya bluu: Mtoto wa. Ndani yake, limekunjwa kidogo pembeni, ndilo hilo. 31-46-82. Na ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja kwa herufi kubwa nyekundu, umepigiwa mistari miwili chini, na jina la dawa ambalo Mpekuzi hakujua hata kulitamka.

Usimwulize alifikaje thieta. Yeye mwenyewe hajui. Anachokumbuka ni mlango, na daktari wa usingizi akitoka amevuta barakoa chini ya kidevu, akichukua faili kwa mkono mmoja. Akasoma. Akasoma tena. Halafu akageuka kuangalia meza ya chuma nyuma yake, ambapo kulikuwa na sindano imelala kwenye kitambaa, imejaa.

"Ndiyo hii," alisema, na uso wake ulikuwa umesawijika. "Nilikuwa nimeshaivuta."

Akaichukua sindano, akaitumbukiza kwenye ndoo, akarudi ndani. Mlango ukafungwa. Saa tano kasoro dakika nne.

Mpekuzi hakurudi masjala, alibaki koridoni. Mkuu alituma mtu, akamjibu aje mkuu mwenyewe kama anataka kumfukuza. Mkuu hakuja. Ngazi ndiye aliyekuja, akasimama kidogo kando yake, akamwambia, "Kuku wewe," kwa sauti ya mtu aliyetaka kusema kitu kingine, kisha akaegemea ukuta.

Saa saba kasoro robo daktari wa upasuaji akatoka akivua glavu. "Amepona," alisema. "Utumbo tumeuwahi. Amelala vizuri, baada ya saa moja hivi atazinduka."

Fundi cherehani hakupiga kelele. Aliteremka mpaka chini pale pale ukutani kama nguo iliyotoka kwenye msumari, akakaa sakafuni, akalia. Baadaye akainuka, akamfuata Mpekuzi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, mimi sina cha kukupa. Mungu akuzidishie. Wamenieleza ulivyotafuta. Mtu mwingine angeshaacha."

Hapo angeweza kunyamaza. Ngazi alikuwa anamtazama kwa macho yanayosema nyamaza, mama, umelipa, imetosha. Na kweli nani angejua? Fomu ingerudi kwenye faili, faili lingerudi kwenye rafu.

"Usinishukuru," alisema. "Mlikuja miaka minne iliyopita kuliomba faili la mkeo. Mkaambiwa halipo."

"Ndiyo."

"Ni mimi niliyesema halipo. Nilitafuta dakika kumi na tano, nikaandika kwamba nimetafuta kila mahali, nikasaini. Kama ningefanya kazi yangu siku ile, leo tusingekimbizana. Mkeo alikuwa anakufa kwa mkono wangu."

Yule mwanamume aliachia mikono ya Mpekuzi. Hakuiachia kwa hasira, aliiachia tu, ikaning'inia.  Sista mmoja alipita na toroli, akapunguza mwendo, akaongeza.

"Unajua siku ile tulikuja kwa ajili ya nini?" alisema hatimaye.

"Dawa."

"Si dawa. Dawa tulikuwa na kikaratasi wakati huo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuja yeye, mimi nikamsindikiza. Alitaka kujua mtoto alikuwa na uzito gani. Wakati mtoto anazaliwa yeye alikuwa hajitambui, na alipojitambua mtoto alikuwa ameshazikwa. Hakumshika hata mara moja. Mimi ndiye niliyemshika, na mimi siwezi kukadiria uzito wa mtoto, mimi nakadiria vitambaa. Akasema kama angejua kilo tu, angeweza kuwaza alivyokuwa mkononi. Tukaambiwa halipo. Hajauliza tena."

 Faili la mtoto lilikuwa bado kwapani mwa Mpekuzi. Lile la mama ndilo lililobaki ndani na madaktari. Hili hakuna aliyelihitaji. Akalitoa. Akalifungua. Lilikuwa na karatasi nne tu. Kwenye ya kwanza, juu kulia, kulikuwa na kisanduku kidogo kimejazwa kwa mwandiko wa haraka wa mkunga.

"Kilo tatu," alisoma, "na gramu mia mbili."

Fundi alifumba macho. Alinyoosha mikono mbele yake kidogo, kama mtu anayepokea kitu, akaikaza, akaishusha.

"Alikuwa mzito," alisema.

"Alikuwa mzito, mwanangu. Alikuwa mtoto kamili."

 Ngazi alikuwa amegeukia ukuta.

"Mimi sitamwambia," fundi alisema baadaye. Hakuwa anafoka, lakini hakuwa anaomba pia. "Akizinduka, utamwambia wewe. Umwambie kilo kwanza. Halafu umwambie na hayo mengine uliyoniambia mimi."

"Nitamwambia."

"Basi kaa."

Mpekuzi akakaa kwenye benchi kando yake, faili limelala mapajani, akasubiri yule mama azinduke.